Mwenye Mnara na Mwenye Sikio

Wajukuu zangu wa Vitongoji, nataka kuwahadithia kisa cha sauti iliyozaliwa Unguja mwaka 1951, ikavuka bahari mpaka hapa kwetu Pemba. Kila ilipopata bwana mpya ilibadili jina, na mara nyingi ilibadili na maneno. Sauti hiyo ni redio. Nyinyi mmeikuta ndani ya simu, imebanwa baina ya picha na michezo, na huenda mkadhani ni kitu cha wazee. Lakini ndani ya kisa chake mna jambo ambalo kila mtoto anayesikiliza habari, kwa redio au kwa simu, anapaswa kulijua mapema: nyuma ya kila sauti yupo mwenye mtambo, na mwenye mtambo ndiye anayeamua nini kisemwe na nani anyamaze.

Tuanze kwa kuivusha bahari hiyo sauti.

Mtangazaji amekaa Rahaleo, mjini Unguja. Kutoka hapo mpaka Vitongoji, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia ni maji. Sauti ya mtu hupita hewani kwa mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde. Hata kama mtangazaji angekuwa na mapafu ya nyangumi, sauti yake ingechukua zaidi ya dakika 5 kutufikia, na kwa hakika ingekufa kabla ya kuvuka Darajani. Kwa hiyo hufanywa hivi: maikrofoni huigeuza sauti kuwa umeme, mtambo wa kurushia huupandisha umeme ule juu ya mawimbi yasiyoonekana, na mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtangazaji akisema "Asalaam alaikum", sisi tumeshaisikia kabla sekunde moja haijagawanyika mara elfu.

Mawimbi hayo hayalingani. Yapo ya masafa ya kati, ambayo wimbi moja lina urefu wa mamia ya mita. Haya hutambaa juu ya ardhi na bahari, na usiku hugonga tabaka za juu za anga yakarudi chini mbali sana. Yapo ya masafa mafupi, yenye urefu wa makumi ya mita, ambayo hurukaruka baina ya anga na ardhi mpaka yakafika mabara mengine. Mtambo wa Dole, kule Unguja, ulirusha matangazo kwa kilohezi 11735, wimbi la kama mita 25, na watu wa Ulaya wenye hobi ya kutafuta vituo vya mbali walikaa usiku wakiinasa taarab ya Zanzibar kwenye redio zao. Kisha yapo mawimbi ya FM, ambayo hayazidi mita 3 au zaidi kidogo. FM ina sauti safi kabisa, lakini huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama mbele, nyuma yake ni giza. Na Pemba yetu, mnavyoijua, haina bonde lisilokuwa na kilima chake.

Mtaniuliza, babu, haya ya mawimbi yanahusu nini na wenye redio? Yanahusu sana. Mtambo wa kufikisha sauti kutoka Unguja mpaka Pemba, au kutoka Zanzibar mpaka Ulaya, ni mkubwa, ni ghali, na hula umeme mwingi. Zama hizo aliyeweza kuumiliki ni serikali peke yake. FM inataka chumba, mnara na mtambo mdogo, basi hata msikiti, mfanyabiashara au wanakijiji waliochangishana wanaweza kuwa na redio yao. Kwa hiyo aina ya mawimbi ndiyo iliyoamua ni nani awe bwana wa sauti. Shikeni hapo, tutaparejea.

Waingereza walipoanzisha Sauti ya Unguja mwaka 1951, Zanzibar ilikuwa himaya yao, na sultani amekaa katika kasri yake. Mwaka huohuo Dar es Salaam nako kulianzishwa kituo, na Mombasa ilikuwa imeshatangulia na Sauti ya Mvita mwaka 1947. Waingereza walikuwa na sababu zao: walitaka watu wasikie mipango ya serikali, habari za afya na kilimo, na wasisikilize maneno ya wengine. Shida ilikuwa redio zenyewe. Zilikuwa makasha makubwa yenye vioo vya umeme ndani, bei yake haishikiki, na kijiji kama Vitongoji hakikuwa na umeme. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949 walitengeneza redio ya betri ya mviringo iliyofanana na sufuria, wakaiuza kama pauni 5 ili watu wa kawaida waimudu. Dawa ya kweli ilikuja na transista, kitu kidogo kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, na redio za kwanza zenye transista zikaingia madukani mwaka 1954. Redio ikawa ya mkononi. Mkulima aliitundika kwenye mkarafuu akichuma, mvuvi akaitia ndani ya dau. Mawe ya redio, yaani betri zake, yakichoka yalianikwa juani pamoja na karafuu, yakapata uhai wa siku mbili tatu zaidi.

Na hapo ndipo serikali ya Waingereza ilipopata jambo ambalo haikulitaka. Redio ndogo ile haikujua mipaka. Ukizungusha kitufe usiku ulikuwa unaweza kuikuta Cairo. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilianzisha matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na mmoja wa watangazaji wake mashuhuri alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Fikirini, wajukuu zangu: mtu wa Pemba amekaa barazani kwake, redio ya serikali yake inamwambia mambo yote ni mazuri, halafu anazungusha kitufe kidogo tu, anamsikia Mzanzibari mwenzake akizungumza kutoka ukingo wa mto Nile, kwa Kiswahili cha nyumbani, akimwambia kwamba ukoloni una mwisho. Waingereza waliliona hilo ni tatizo kubwa. Walipoanzisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC tarehe 27 Juni 1957, mojawapo ya mambo yaliyowasukuma ni hiyo Cairo. Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962, na Ujerumani, yaani Deutsche Welle, mwaka 1963. Dunia nzima ilikuwa inagombania sikio la Mswahili.

Mimi hapa husimama kila mara nikaona fahari kidogo. Kiswahili chetu, lugha ya watu wa mwambao, wakubwa wa dunia walilazimika kujifunza kukitangaza. Lakini fahari isitusahaulishe swali letu: nani analipa? Cairo ililipwa na Misri, London na Waingereza, Washington na Wamarekani. Kila mmoja alitwambia ya kweli mengi, na kila mmoja alikuwa na yake aliyoyapitia kwa mbali. Msikilizaji hodari wa zama zile hakuwa na kituo kimoja. Alisikiliza viwili vitatu, akalinganisha, kisha akaenda barazani kubishana na wenzake.

Sasa mwaka 1964. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza, na redio ikawa ya serikali mpya iliyokuwa chini ya sultani. Serikali ile haikutimiza hata siku 40. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, waliofanya Mapinduzi walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni kutafuta silaha, na kisha wakaishika redio. Asubuhi watu wa Unguja na Pemba walifungua redio zao wakasikia sauti wasiyoijua, yenye lafudhi ya bara, ikitoa amri kali na kujiita Jemadari Mkuu. Alikuwa John Okello, mtu wa Uganda aliyewahi kuishi na kufanya kazi hapa Pemba. Watu waliulizana: ni nani huyu? Sauti moja, kupitia mtambo mmoja, ilitosha kuvijaza visiwa viwili hofu. Mambo yaliyofuata yana majonzi yake, na kuna nyumba hapa Pemba ambazo mpaka leo yakitajwa watu hunyamaza. Haikufika nusu ya mwaka, Okello mwenyewe alikuwa ameshaondoshwa visiwani. Mzee Abeid Amani Karume alikuwa Rais, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Hesabuni: katika muda usiotimia miezi mitano, redio ileile ilitoka mikononi mwa Waingereza, ikaenda kwa serikali ya uhuru, ikaenda kwa wanamapinduzi, ikajikuta ndani ya nchi ya Muungano. Majengo ni yaleyale. Mitambo ni ileile. Mwenye nchi akibadilika, kitu cha kwanza anachokitaka ni maikrofoni. Mkisoma historia ya nchi yoyote iliyopinduliwa, katika Afrika au kwengineko, mtalikuta jambo hili tena na tena.

Kutoka hapo ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na watu wakaiita STZ tu. Kwa miaka mingi ilikuwa sauti pekee ya visiwani, na ilikuwa ya serikali. Ilikuwa na mazuri yake, nami nitayasema bila kusita. Ilirikodi taarab za vikundi vyetu, za Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905 na za Culture, nyimbo ambazo pengine zingepotea pamoja na waliozitunga. Ilisomesha watu afya na kilimo. Kutoka bara ilisikika Redio Tanzania, na watoto wa zama hizo waliingoja kwa hamu Mama na Mwana, kipindi cha Debora Mwenda, wakisikiliza hadithi mpaka wanasahau chai. Televisheni nayo ilikuja mapema: TVZ ilianza mwaka 1974 ikiwa ya rangi, miaka 20 kabla ya bara kuwa na televisheni yake. Lakini TVZ ilitaka umeme na fedha ya kununulia seti, na redio iliendelea kuwa ndiyo ya kila mtu.

Ilikuwa na upungufu wake pia. Redio ya serikali husema ya serikali. Vyama vingi vilirejea mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukawa wa mvutano mkubwa. Hapa Pemba watu wengi walikuwa upande wa upinzani, wa CUF, na waliona kwamba redio yao ya nyumbani haiwasemi wao. Basi ikifika saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya Deutsche Welle, kwenye baraza watu walikuwa wakijikusanya, redio moja katikati, na hakuna aliyekohoa. Watu walikwenda kuitafuta London na Ujerumani ili kuijua habari ya Chake Chake, ambayo ni mwendo wa baiskeli kutoka hapa Vitongoji. Hilo linaniuma mpaka leo. Mtu asiyesikika kwenye redio ya kwao huanza kujiona mgeni kwao.

Mlango ulifunguka kidogo kidogo. Bara ilipitisha sheria mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza Dar es Salaam. Kwa kuwa utangazaji si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake: Sheria namba 7 ya mwaka 1997, iliyounda Tume ya Utangazaji ya Zanzibar. Tangu hapo mtu au jumuiya ikitaka redio huomba leseni kwa Tume, na Tume ina uwezo wa kutoa na wa kufungia. Unguja zikaja Zenj FM na Coconut FM, za watu binafsi. Na sasa mtaona kwa nini niliwaambia mshike lile la mawimbi: zote hizi ni za FM. Mtambo mdogo ulileta mabwana wengi.

Redio ya mfanyabiashara ina mwendo wake. Haipewi fedha na serikali, hivyo huishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye kutangaza sabuni au simu anataka wasikilizaji wengi, na wasikilizaji wengi ni vijana. Basi vipindi hubadilika: mazungumzo marefu hupunguzwa, muziki huongezeka, mtangazaji huongea haraka na kucheka sana, michezo hupewa asubuhi nzima. Si jambo baya. Vijana walipata redio inayozungumza lahaja yao ya mtaani. Lakini bibi anayetaka kujua bei ya mwani hana sabuni ya kumtangazia mtu, na habari yake haina wa kuilipia.

Redio ya dini ina mwendo mwengine. Hapa Pemba tuna Istiqama, na vipindi vyake ni darsa, Qur'ani, maswali ya fiqhi na malezi. Huishi kwa jumuiya yake na kwa michango ya waumini.

Kisha kuna redio ya jamii, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nasema wazi. Kaskazini mwa kisiwa, Micheweni, kipo kituo kilichoanzishwa kwa msaada wa UNESCO, Redio Jamii Micheweni. Mkoani nako kuna ya kwao, na Unguja ziko za Makunduchi na Tumbatu. Redio ya namna hii haina mtu mmoja mwenye mali. Ina bodi ya wanajamii, na watangazaji wake wengi ni vijana wa hapohapo wanaojitolea, wengine wamemaliza skuli juzi tu. Wanachukua kinasa sauti wanakwenda pwani kuwauliza wavuvi, wanakwenda kwa akina mama wa mwani, wanamuuliza mkuu wa wilaya maji yamekatika kwa nini. Msichana wa Micheweni akisema hewani kwamba anataka kuendelea na masomo, baba yake anasikia, na majirani wa baba yake wanasikia pia.

Ila mfadhili hana umri wa milele. Mradi ukimalizika, kituo kinabaki na bili ya umeme, ada ya leseni, mtambo ulioharibika, na watangazaji ambao nao wanataka kula. Hapo ndipo huja mtu mwenye fedha, mara nyingi karibu na uchaguzi, akasema: nitawasaidieni. Watu wa bodi huwa na mtihani mgumu kweli. Wakikataa, kituo kinanyamaza. Wakikubali, kesho nani atamuuliza yule bwana kuhusu maji?

Na umeme nao una kisa. Kwa muda mrefu Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha, na giza la ghafla lilikuwa sehemu ya maisha. Mwaka 2010 ulifika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norwei. Redio ndogo zikapata umeme wa kutegemewa zaidi. Lakini umeme uleule ulileta televisheni majumbani na chaji ya simu, na sikio likaanza kugawanyika. Wapo waliosema redio sasa basi.

STZ nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Redio na televisheni za serikali ziliunganishwa zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, kwa sheria ya mwaka 2013. Bara ilikuwa imeshapita njia hiyo, Redio Tanzania na televisheni yake zikaishia kuwa TBC. Shirika si sawa na idara ya wizara. Lina bodi na linatakiwa litafute sehemu ya mapato yake. Lakini ZBC bado ni mali ya serikali, na ukisikiliza taarifa yake ya habari utalijua hilo kwa mpangilio wa nani anatajwa mwanzo.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo naona hakuna bwana anayeweza kuyagusa. Jaribuni kuondoa matangazo ya vifo kwenye redio ya Zanzibar muone. Saa ya matangazo hayo ikifika, nyumba nzima hunyamaza. Hutajwa jina la marehemu, hutajwa watoto wake, ndugu zake, wakwe zake, mpaka aliye Mkoani anajua kwamba na yeye ni mfiwa. Kisha hutajwa mahali na saa ya mazishi, na mtu anachukua kanzu yake anaondoka. Muandamo wa mwezi ni vivyo hivyo: jioni ya Shaabani ikimalizika watoto wamepanda juu kutazama magharibi, wakubwa wamekaa karibu na redio wakimngoja Mufti. Na utabiri wa upepo kwa wenye vyombo. Vipindi hivi havikuletwa na mfadhili wala havikupangwa na mtu wa biashara. Vinadumu kwa sababu wasikilizaji wanavidai, na hiyo nayo ni namna ya kumiliki.

Leo matangazo yanapita kwenye intaneti. Mzanzibari wa Muscat, London au Toronto anafungua simu anaisikia Zanzibar bila masafa mafupi wala mtambo wa Dole. Jambo zuri mno. Lakini redio ya mawe ukishainunua na mawe yake, wimbi ni la bure. Redio ya simu kila dakika inakula bando. Kwa hiyo aliye Muscat anaweza kuisikia khabari ya maziko ya Vitongoji kabla ya jirani yetu aliye kondeni ambaye bando lake limekatika. Na kuna bwana mpya ambaye hamumuoni: kampuni ya simu, na kampuni ya mbali inayochagua kipi kikutokee juu ya kioo.

Nina kazi kwenu. Chukueni daftari. Wiki hii ombeni redio ya zamani kwa bibi au babu, ile yenye kitufe cha kuzungusha, muisikilize wakati wa mchana na tena usiku. Andikeni kila kituo mnachokipata: jina lake, kimezungumzia nini, kimetangaza biashara gani, nani amehojiwa, na kama kuna mtoto yeyote aliyezungumza. Panda kilima kisha shuka bondeni uandike kipi kimepotea. Mbele ya kila jina andika, kwa kadiri utakavyojua au utakavyouliza, ni mali ya nani na nani anakilipia umeme. Mkikikuta kituo ambacho hakijawahi kuitaja Vitongoji, waandikieni barua muwaambie nini kinaendelea hapa: bei ya mwani, mashindano ya skuli, barabara, pwani yetu. Andikeni kwa mwandiko unaosomeka, na mtie saini majina ya darasa zima.